Bakuli la kioo la buluu nimelipata Gateshead: kweli ni la kiwanda cha Sowerby?

Tausi wa Tyne · Jumamosi, saa 4:12 usiku

Wakuu, kwema? Mimi si mtu wa vyombo vya kale, ni mtu wa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Gateshead, Uingereza. Leo asubuhi natoka kazini nikaingia duka moja la hisani (la mitumba) kununua mwavuli, nikatoka na bakuli. Mwavuli sikununua na mvua imeninyeshea hadi mlangoni.

Bakuli ni la kioo, upana sentimita 19, mdomo wake una mawimbi. Chini ni buluu iliyokolea, ila kadiri unavyopanda kuelekea mdomoni buluu inapotea, inakuwa nyeupe kama tui la kwanza. Huoni mahali rangi moja inapoishia na nyingine kuanza. Ukiliinua dirishani, ule weupe unatoa mwanga wa chungwa kwa ndani, kama kaa linalotaka kuzimika. Hicho ndicho kilichoniuza. Nje lina nakshi za kunyanyuka, kali kidogo ukipitisha kidole.

Kibandiko cha duka kiliandikwa "Sowerby, miaka ya 1880", pauni 6. Kwenye kitako kuna namba ndogo, nimeisoma 346031, halafu herufi mbili nyuma yake sizielewi. Swali langu ni moja tu: nani alilitengeneza?

Ngosha Mkavu · saa 4:20 usiku

Uzi bila picha ni hadithi ya Abunuwasi.

Tausi wa Tyne · saa 4:41 usiku

Picha nne hizo hapo. Samahani mezani kuna daftari za mtoto.

Mkenya wa Hull · saa 4:58 usiku

Dada Tausi, hiyo namba ndiyo ufunguo. Waingereza walikuwa wanasajili maumbo ya bidhaa zao ili mwenzao asiige, na kila umbo likapewa namba. Hesabu ilianza na 1 mwaka 1884 ikaenda mfululizo. Nina jedwali: mwaka 1899 unaanza na 331707, na 1900 unaanza na 351202. Yako 346031 iko katikati, basi ni 1899. Aliyeandika miaka ya 1880 amebahatisha. Kazi imekwisha, nidai soda.

Binti Kiunguja · saa 5:15 usiku

Mwaka sawa, lakini mtengenezaji bado. Mimi nasema mji wa Stourbridge. Vioo vizuri vya Kiingereza vyote vilitoka kule kwa kina Thomas Webb na Stevens & Williams. Marehemu bibi yangu alikuwa na bakuli la buluu kwenye kidaka cha ukumbini, tukikatazwa hata kulipumulia. Wageni wote aliwaambia ni la Ulaya, basi. Ulaya ilimtosha. Kama mna njia ya kujua kiwanda nitafurahi, maana lile la bibi lilivunjika kwenye harusi ya shangazi na sasa hatutajua tena.

Ngosha Mkavu · saa 5:17 usiku

Nani alilipumulia?

Binti Kiunguja · saa 5:18 usiku

Tusifike huko.

Kalibu Chuma · Jumapili, saa 1:30 asubuhi

Nimeamka nikakuta uzi wa moyo wangu. Nina meza ya vyombo vya zamani kwenye soko la Jumamosi hapa Leeds mwaka wa kumi na moja huu. Nimeshalizwa vya kutosha kwenye vioo, kwa hiyo nitakayosema nimeyalipia ada.

Bi Tausi, kabla ya yote niambie: namba umeisoma ukiwa umeligeuza bakuli kifudifudi, ukitazama kitako kutokea nje? Na zile "herufi mbili nyuma yake" moja inafanana na R iliyotazama upande wa pili?

Tausi wa Tyne · saa 5:05 asubuhi

Ndiyo, nililigeuza. Na ndiyo, R imekaa kinyume. Nilidhani ni herufi za Kirusi.

Kalibu Chuma · saa 5:40 asubuhi

Hahaha. Usijali, kila mtu huanzia hapo. Namba imechapwa upande wa ndani, kwenye sakafu ya bakuli. Ukiitazama kutokea chini unaiona kupitia kioo, na kupitia kioo ni sawa na kwenye kioo cha kujitazamia, inageuka. Herufi "mbili za nyuma" ni Rd, kifupi cha Registered, yaani "imesajiliwa", na zinakuja mbele. Soma sasa kutoka mwisho: Rd 130643.

Kaka wa Hull, jedwali lako ni sahihi kabisa, ila umelilisha namba iliyogeuzwa. 1889 inaanza na 116648, 1890 inaanza na 141273. Soda itabidi urudishe.

Lakini kuna tatizo la pili. Kwenye picha yako ya tatu tarakimu ya pili sioni kama ni 3 au 8. Ikiwa 8, namba ni 180643, na hiyo ni ya 1891 kwa sababu 1892 inaanzia 185713. Tarakimu moja tu inaweza kukutoa kiwanda kimoja ikakupeleka kingine. Fanya hivi: chukua poda ya mtoto, weka kidogo sana kwenye namba kwa ndani, sugua kwa kidole gumba halafu futa juujuu kwa kiganja. Poda itabaki kwenye makunjo. Zima taa, washa tochi ya simu ukiilaza pembeni kabisa, karibu isawazike na kioo, ndipo upige picha kutokea juu. Usimulike moja kwa moja, utaua vivuli vyote.

Wakati tunangoja, niseme machache kuhusu Stourbridge.

Binti Kiunguja, Stourbridge ilikuwa na heshima yake, lakini jina lake lilijengwa na kioo cha kupuliza kisha kukatwa na kuchongwa kwa gurudumu. Bakuli hili halikupulizwa. Tazama picha ya pili: kuna mstari mwembamba unaopanda kutoka kitakoni hadi karibu na mdomo, na mwingine upande wa pili. Huo ni mshono wa kalibu. Kazi ilikwenda hivi: kalibu ya chuma ya vipande viwili au vitatu imefungwa kwa bawaba, mtu anaangusha donge la kioo kilichoyeyuka, mwenzake analikata kwa mkasi, kisha mchi wa chuma unashuka kwa nguvu na kukisukuma kioo kijaze kila pembe. Mchi unaacha umbo la ndani, kalibu inaacha nakshi za nje. Sekunde chache tu. Ndiyo maana ndani ya bakuli lako ni laini na nje kuna nakshi. Na ndiyo maana chini hakuna kovu la fimbo, lile duara lililovunjwa au kusagwa ambalo chombo cha kupuliza mara nyingi hubaki nalo.

Kioo cha kalibu kilikuwa chombo cha mtu wa kawaida. Kodi ya kioo ilifutwa Uingereza mwaka 1845, na baada ya hapo viwanda vya kaskazini mashariki vikafumuka: Gateshead, Newcastle, Sunderland, South Shields. Makaa ya mawe yapo chini ya miguu yao, magadi ya viwandani yapo jirani, meli zipo mtoni. Manchester nao walikuwepo. Kwa hiyo kabla sijaona hata namba, bakuli la aina hii ningelitafutia huko kwanza.

Mkenya wa Hull · saa 6:10 mchana

Nimekubali kugeuzwa. Lakini mkuu, unajuaje si lile la kukatwa? Nakshi zinakwaruza, amesema mwenyewe ni kali.

Kalibu Chuma · saa 6:25 mchana

Swali zuri. Ukali wa kalibu na ukali wa gurudumu haufanani mkononi, ila siwezi kukupitishia kidole kwenye simu. Kuna njia ya jikoni. Bi Tausi, una mizani ya kupimia unga?

Kioo cha kukatwa cha hadhi ya juu kilikuwa na risasi nyingi (ile metali nzito), kwa hiyo ni kizito kwa ujazo wake: mara tatu ya maji na zaidi. Kioo cha kawaida cha magadi ni kama mara mbili na nusu. Pima bakuli likiwa kavu. Kisha weka ndoo ndogo ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, funga bakuli kwa kamba na ulizamishe lote bila kugusa chini wala ukuta wa ndoo. Mizani itapanda. Gawa uzito wa kwanza kwa hicho kilichopanda.

Ngosha Mkavu · saa 6:31 mchana

Physics ya kidato cha pili imenifuata mpaka huku.

Tausi wa Tyne · saa 9:50 alasiri

Nimerudi. Mwanangu wa miaka kumi ndiye aliyeshika kamba, mimi nilishika roho.

Kavu: gramu 640. Ndani ya maji mizani imepanda gramu 256. Mtoto amegawa akapata 2.5 na amefurahi kuliko mimi.

Nikasema niende mbele zaidi, nikachukua ile tochi ya kukagulia noti, maana nimesoma mahali kwamba vioo vya Kiingereza vya zamani vinang'aa kijani. Hakikung'aa. Nimezima taa zote, nimefunga mapazia, hakuna kitu, kimebaki kimenuna tu. Nimeuziwa kitu cha juzi?

Picha ya poda nitapiga giza likiingia.

Binti Kiunguja · saa 10:02 jioni

Mimi nilijua lazima king'ae. Kwenye video zote vinang'aa.

Kalibu Chuma · saa 11:15 jioni

2.5 safi kabisa, mpe kijana soda ya Mkenya. Ni kioo cha magadi, si cha risasi. Stourbridge tumeifunga.

Kuhusu kung'aa, hapa watu wengi wanapotea. Kinachong'aa kijani kikali ni kioo chenye urani, na urani iliwekwa kwa ajili ya rangi ya njano na kijani. Buluu haikuihitaji. Kutokung'aa hakumaanishi si cha kale, na kung'aa hakumaanishi ni cha kale, kwa sababu vioo vya urani viliendelea kutengenezwa hadi karne ya ishirini na vipo hata vya karibuni. Tochi inakwambia kilichomo ndani ya kioo, tarehe haiijui. Nimeona mtu akinunua trei nzima ya vikombe kwa sababu viling'aa, vyote vya juzijuzi. Mtu huyo ni mimi.

Umri utafute kitakoni. Uguse ule ukingo ambao bakuli linakalia. Ukiona mikwaruzo midogo mingi inayokwenda kila upande, na imejaa pale tu panapogusa meza, hiyo ni miaka ya kusogezwa. Mikwaruzo iliyonyooka upande mmoja ni ya msasa.

Tausi wa Tyne · saa 11:30 jioni

Kila upande. Ni kama barafu iliyochezewa na watoto, lakini kwenye ukingo tu.

Kalibu Chuma · saa 11:34 jioni

Vizuri. Sasa tunangoja poda.

Ngosha Mkavu · saa 12:05 jioni

Wakati tunangoja, naomba nidandie. Shemeji yangu yuko Bolton, ana chombo cha sukari cha kioo, hakina namba ila kina almasi ndogo imechorwa, juu yake kiduara chenye III, na pembe za almasi zina herufi. Kulia P, chini D, juu kuna 3, kushoto 7 au 1. Ni kitu gani hicho? Uchawi?

Mkenya wa Hull · saa 12:20 jioni

Hiyo naijua! P ni 1851.

Kalibu Chuma · saa 12:48 jioni

Polepole, kaka. P ni 1851 ikikaa juu. Ikikaa kulia ni 1877.

Kabla ya namba za Rd, kuanzia 1842 hadi 1883, usajili ulitumia hiyo almasi. Kiduara cha juu kinaonyesha aina ya bidhaa: I chuma, II mbao, III kioo, IV vyombo vya udongo. Kwa hiyo III imekaa mahali pake. Ila utaratibu wa pembe ulibadilika mwaka 1868 herufi za miaka zilipokwisha. Kabla ya hapo mwaka unakaa pembe ya juu, mwezi kushoto, siku kulia. Kuanzia 1868 siku ikahamia juu, mwaka kulia, mwezi chini, na kushoto ni namba ya fungu la siku hiyo. Njia rahisi ya kukumbuka: ukiona tarakimu pembe ya juu, uko 1868 au baadaye.

Kwa shemeji: juu 3, kulia P, chini D. D ni Septemba. Basi umbo lilisajiliwa tarehe 3 Septemba 1877, na hiyo 7 au 1 ni fungu lake siku hiyo. Mwambie atafute pia alama ya kiwanda, mara nyingi imejificha katikati ya sakafu au chini ya mpini. Ni ndogo, haifiki ukucha wa kidole kidogo.

Na kwa kuwa uzi huu ulianza na jina la Sowerby, alama zenyewe hizi hapa. Kichwa cha tausi ni Sowerby wa Gateshead. (Ndiyo, Bi Tausi, jina lako lilinichekesha tangu asubuhi.) Simba anayechomoza kwenye taji lililojengwa kama mnara ni George Davidson, naye wa Gateshead. Simba aliyeshika nyota ni Henry Greener wa Sunderland, na huyohuyo Greener baadaye simba wake akashika shoka. Nanga yenye herufi JD ni John Derbyshire wa Salford. Simba hawa wawili ndio wanaochanganywa kila siku, kwa hiyo tazama mikono yake: ameshika kitu au anatoka kwenye mnara?

Kiwanda cha Greener, kwa wasiojua, kilichukuliwa na Jobling, na Jobling ndiye aliyepata leseni ya kutengeneza Pyrex Uingereza mwaka 1921. Kwa hiyo simba mwenye shoka ni babu wa sahani yako ya kuokea.

Ngosha Mkavu · saa 1:02 usiku

Shemeji amekagua, kuna ndege. Anasema ni bata.

Kalibu Chuma · saa 1:05 usiku

Ana kishungi kichwani?

Ngosha Mkavu · saa 1:11 usiku

Anasema anacho. Bata wa kishungi.

Kalibu Chuma · saa 1:12 usiku

Mwambie amepata Sowerby bila kulipia nauli.

Tausi wa Tyne · saa 2:37 usiku

Poda imefanya kazi. Picha hiyo. Ni 3, haina ubishi: juu imelala bapa na upande wa kushoto uko wazi kabisa. Poda imeingia mpaka kwenye nukta baada ya Rd. Rd 130643.

Tausi kichwa hakuna, simba hakuna, nimekagua kila mahali na tochi, hata chini ya mawimbi ya mdomo. Sasa tunajuaje?

Kalibu Chuma · saa 3:20 usiku

Sasa ndiyo utamu.

130643 ni ya George Davidson & Co., Teams Glass Works, Gateshead, 1889. Nasema hivi bila kusita kwa sababu nina jagi dogo la maziwa la nakshi hiyohiyo, namba yake imetoka safi, nimekuwekea picha pembeni ya yako. Linganisha ile nakshi karibu na kitako. Wakusanyaji wa siku hizi wanaiita nakshi hiyo Brideshead. Jina ni la kwao, ukilitumia kumtafuta muuzaji sawa, ila usilichukue kuwa la kiwandani.

Ule weupe wa mdomoni ndio shahidi wa pili. Davidson alipata hataza ya kioo hicho mwaka huohuo wa 1889 na akakiita Pearline. Kilitoka kwa rangi mbili kubwa, buluu na njano ya kimanjano waliyoiita Primrose. Ile ya njano ina urani na inang'aa, ya buluu haing'ai. Umeona sasa tochi yako ilikuwa inasema kweli?

Namna weupe unavyopatikana ndiyo inayonifanya niwapende hawa watu. Kioo kina dawa ndani yake ambayo haionekani kikipoa mara moja. Bakuli linatoka kwenye kalibu likiwa la buluu tupu. Kisha mtu analishika kwa koleo la kubana kitako na kulirudisha kwenye mdomo wa tanuri, ukingo ukiwa mbele. Pale moto unapolamba mara ya pili, dawa inaamka, kioo kinageuka maziwa. Kadiri sehemu ilivyo mbali na moto ndivyo inavyobaki buluu. Na wakati ukingo ni laini ndipo wanapoukunja mawimbi. Kwa hiyo yale mawimbi na ule weupe ni vya dakika hiyohiyo moja. Ndiyo maana hamna mabakuli mawili ya Pearline yenye weupe sawasawa: kalibu ni moja, lakini mkono wa mtu aliyesimama kwenye tanuri ni wake.

Kwa nini hakuna simba? Davidson alimtumia simba takriban 1880 hadi 1890 tu. Bakuli lako limezaliwa simba akiwa anaaga.

Mkenya wa Hull · saa 3:41 usiku

Mkuu, niruhusu ubishi wa mwisho. Kama mtu mwingine aliiga nakshi?

Kalibu Chuma · saa 3:58 usiku

Kuigana kulikuwepo, ndiyo maana usajili ulikuwepo. Lakini anayeiba nakshi hachongi kwenye kalibu yake namba ya usajili ya mwenye mali. Hiyo ni sawa na kuiba ng'ombe ukaacha chapa ya mwenyewe ikisomeka.

Anayetaka kuona kwa macho yake, madaftari yapo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Almasi za 1842 hadi 1883 ziko kwenye makundi BT 43 na BT 44, namba za Rd kuanzia 1884 ziko BT 50 na BT 51. Kundi moja lina michoro au picha za maumbo, jingine lina majina ya waliosajili.

Onyo moja tu, na hili nalisema kwa sababu muuza duka ataandika "1889" kwenye kibandiko na kuongeza bei: namba inakupa siku ya kuzaliwa kwa umbo, si ya bakuli hili. Kalibu ya chuma iligharimu pesa, hawakuitupa baada ya Krismasi. Wakiona umbo linauzika wanaendelea kulipiga. Ningeandika "Davidson, umbo la 1889" na kuishia hapo.

Tausi wa Tyne · saa 4:15 usiku

Subirini. Teams?

Teams ndiko basi langu linakopita kwenda kazini. Kila siku. Huwa nimelala.

Kalibu Chuma · saa 4:22 usiku

Basi umelileta nyumbani, dada. Davidson alianza hapo 1867 akitengeneza chemni za taa za mafuta. Akahamia vyombo vya mezani, akafariki 1891, mwanawe Thomas akaendelea, na ndiye aliyetoa vile vioo vya mawingu mwaka 1923, vya zambarau na kahawia vyenye michirizi kama moshi. Ukiviona dukani kwako nipigie simu hata usiku wa manane.

Ukiwa na siku ya mapumziko pita Shipley Art Gallery hapohapo Gateshead, wana vioo vya viwanda vya mji huo.

Binti Kiunguja · saa 4:30 usiku

Kwa hiyo Sowerby na Davidson walikuwa mji mmoja, na muuzaji alikosea mtaa tu?

Kalibu Chuma · saa 4:34 usiku

Ndivyo. Kukosea kwake kunasameheka. Sowerby ni jina kubwa zaidi, kwa hiyo kila kioo cha kalibu kisicho na alama hubatizwa Sowerby. Mimi huwa nasoma kibandiko mwisho, baada ya kitako.

Ngosha Mkavu · saa 4:36 usiku

Tuseme bei sasa. Tumekaa hapa siku mbili kwa sababu ya historia tu?

Kalibu Chuma · saa 4:50 usiku

Makumi ya pauni, si mamia. Vilipigwa vingi na vimebaki vingi. Likiwa limepasuka mdomoni linashuka sana. Bi Tausi, pitisha ukucha mdomoni mzunguko mzima, polepole, uniambie kama umekwama popote.

Tausi wa Tyne · saa 5:02 usiku

Nimekwama mahali pamoja, pa ukubwa wa punje ya mtama, chini ya wimbi la tatu. Kwa macho sikuwa nimepaona.

Siuzi lakini. Limeshawekwa ndimu.

Kalibu Chuma · saa 5:06 usiku

Ndimu hakuna shida. Usilitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo, usilimwagie maji ya moto likiwa limetoka baridi. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, na ondoa pete kwanza.

Tausi wa Tyne · Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

Wakuu, swali la haraka, niko kituo cha basi. Nimekumbuka pale dukani juzi pembeni ya bakuli langu kulikuwa na jingine dogo la njano, mdomo mweupe vilevile. Pauni 8. Niliona ni ghali. Duka linafunguliwa saa tatu. Nikalichukue?

Kalibu Chuma · saa 2:21 asubuhi

Unaniuliza nini, simama mlangoni sasa hivi na ile tochi yako.

Binti Kiunguja · saa 2:24 asubuhi

Basi liache!

Tausi wa Tyne · saa 3:09 asubuhi

Nimekuta kibandiko tu kwenye rafu. Mama wa dukani anasema alilinunua jana mzee mmoja, alikuja na tochi ndogo ya buluu, akazima taa ya pembeni, akacheka peke yake.

Ila mwavuli nimepata.